Mapigo Manne

Jumba la sanaa la Brno lina sheria zake:
nakala isilingane na asilia kwa kipimo,
ipungue walau shubiri moja kila upande,
turubai ligongwe mhuri mgongoni kabla hujachovya brashi,
na sakafuni pasidondoke tone.
Nimetandaza magazeti ya wiki jana.
Nimesimamisha kiweko. Nina miaka sitini na sita.
Thelathini kati ya hiyo nilisaga vioo vya miwani
ili wengine waone.

Mbele yangu: bonde, mto, kivuko cha mawe,
mwaloni uliopigwa na radi ukabaki nusu,
anga linalojiandaa kunyesha, karne mbili sasa,
na halijanyesha.
Watu ni watatu. Mwanamume ananyoosha kidole milimani.
Mwanamke mwenye shali nyekundu anatazama kidole, si milima.
Na nyuma kabisa, mdogo kuliko ukucha wangu,
bibi aliyebeba mzigo wa kuni,
ambaye hakuna anayemwonyesha kitu.

Bwana Hynek hufundisha huku akila tufaha.
"Kwanza konda, kisha nono," husema.
"Chini tapentaini, juu mafuta ya kitani.
Ukigeuza, picha itapasuka kama kisigino."
Wiki ya kwanza yote ilikuwa kahawia,
na mume wangu akasema jikoni pananuka gereji.
Wiki ya tatu nikajua kwamba kijani cha mbali si kijani,
ni buluu iliyochoka;
kwamba kivuli kina rangi nyingi kuliko jua.

Mwiga tembo hupasuka msamba.
Mimi nilipasuka mwezi wa pili, kwa yule bibi.
Nilimpa mapigo arubaini.
Nikampa mikunjo ya kitambaa, nikampa pua,
nikampa jicho kwa brashi ya nywele tatu,
na kadiri alivyozidi kuwa mtu ndivyo alivyozidi kufa:
mdudu aliyenasa kwenye asali.

Hynek alikuja, akatafuna, akauliza, "Huyu nani?"
Nikasema, Květa.
Sikujua kama ningesema.

Dada yangu. Ndiye aliyetuletea kuni kutoka ghalani
Novemba ile baba alipovunjika nyonga,
nasi tumelizunguka jiko, tunamwambia, funga mlango.
Hatukugeuka.
Nilipoutafuta uso wake wa siku zile
nilikuta mlango tu, na baridi.

Hynek hakunipa pole.
Alichovya kitambaa, akafuta
(rangi ya mafuta ina huruma hiyo, haikauki upesi),
akanisogeza kwenye asilia, karibu, karibu zaidi,
mpaka mlinzi akakohoa.
"Hesabu."

Moja, mgongo. Mbili, mzigo.
Tatu, kahawia yenye weupe kidogo: sketi.
Ya nne sikuiona hadi nilipoinama, magoti yakilia:
mstari wa kijivu chini ya miguu.
Basi. Uso haupo.
Bwana yule aliyekufa zamani hakumjua bibi
na alikuwa na adabu ya kutojifanya.

Nilirudia siku tisa. Siku ya tisa mkono uliamka
ukafanya kabla sijauagiza,
nami nikasimama pale na brashi hewani
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Leo picha imekauka vya kutosha kubebwa.
Mwaloni wangu umevimba, milima imesogea mno,
kidole cha mwanamume kimekuwa soseji.
Hynek amesema bibi yumo, akatema mbegu.
Mume wangu ameitundika juu ya friji;
yeye anapenda shali.

Mimi, asubuhi, nikingoja maji yachemke,
ninautazama ule mstari wa kijivu
nisijue bado kama amekanyaga jiwe
au ameshaingia mtoni.